Mfuko wa Katuni Kutoka Japani



Wapendwa waamini, na ninyi nyote mnaosoma tafakari hii ya kila juma,

Majuma matatu yaliyopita, baada ya Misa ya asubuhi, mama mmoja wa parokia yetu alinisubiri mlangoni pa sakristia akiwa na mfuko uliojaa vitabu. Alikuwa amevikuta chini ya godoro la mwanawe anayesoma kidato cha pili. "Baba Paroko," akasema, "hebu tazama mwenyewe. Ni picha tupu: watu wenye macho makubwa, na mapanga. Wenyewe wanaviita manga. Naomba Dominika ijayo uvikemee altareni, vijana wasikie." Katekista wetu mzee, aliyekuwa akikunja nguo za altare, aliposikia neno manga aliuliza kama kijana ameanza biashara ya pilipili. Tulicheka sote, hata yule mama, lakini nilitambua kwamba wasiwasi wake ulikuwa wa kweli.

Nakiri kwamba nilikuwa karibu kumkubalia. Homilia ya namna hiyo huandaliwa kwa dakika kumi, na wazazi huifurahia. Kilichonizuia ni lile godoro. Nilipokuwa seminari ndogo, nami nilificha chini ya godoro langu gazeti la Sani, lenye vituko vya Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Mlezi aliyelikamata alilichana mbele yetu pasipo kulifungua. Siku ile sikuumia sana kwa kuwa alilichana. Niliumia kwa kuwa hakulisoma. Basi nikamwambia yule mama, "Niachie mfuko huu kwa majuma mawili. Siwezi kukemea kitabu nisichokisoma." Leo napenda kuwaeleza nilichokikuta humo, na jinsi kimoja kati ya vitabu hivyo kilivyonigeukia mimi mwenyewe.

Mfuko ulikuwa na juzuu tisa za hadithi tano, zote zimefasiriwa kwa Kiingereza. Kijana alitumiwa na binamu yake anayeishi Marekani. Manga ni jina la Kijapani la hadithi za picha. Huko Japani hazihesabiwi kuwa mambo ya watoto peke yao. Husomwa na wanafunzi, wakulima, wafanyakazi wa ofisi na wazee pia. Kwa kawaida hutoka kwanza sehemu kwa sehemu katika majarida ya kila juma au kila mwezi, kisha hukusanywa kuwa juzuu. Nyingi husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mimi jioni ya kwanza sikulijua hilo, nikaanza mwisho wa hadithi, hata nikashangaa kwa nini watu wanaagana kabla ya kusalimiana.

Nilianza na kile kilichoonekana chepesi, *Yotsuba&!* cha Kiyohiko Azuma, hadithi iliyoanza kuchapishwa mwaka 2003. Ni habari za mtoto wa miaka mitano anayehamia mji mpya pamoja na baba yake wa kumlea. Hakuna vita humo, hakuna adui, wala hakuna jambo kubwa linalotokea. Mtoto hajui bembea ni kitu gani. Anajifunza, anafurahi kupita kiasi, na hapo kisa kimekwisha. Anasikia kwamba viyoyozi huharibu dunia, basi anawatazama majirani wenye kiyoyozi kama maadui. Mvua inapomnyeshea hakimbilii ndani, bali anaicheza. Nilikisoma kwa jioni moja, nikacheka peke yangu hata mpishi akaja kuchungulia. Maoni yangu ni kwamba hiki ni kitabu cha mtu aliyechoka. Mzazi anayetaka kuanza na kimoja, aanze na hiki.

Hadithi ya pili ni *Silver Spoon*, yaani kijiko cha fedha, ya mwandishi Hiromu Arakawa. Mama huyu alizaliwa katika shamba la ng'ombe wa maziwa kisiwani Hokkaido, na anayaandika mambo ya kilimo kama mtu aliyeyashika kwa mikono yake. Kijana Hachiken, aliyelelewa mjini na kuchoshwa na mashindano ya masomo na ukali wa baba yake, anakwenda kujificha katika shule ya sekondari ya kilimo. Siku za mwanzo anagundua yai la kuku linatokea wapi, na anashindwa kulila. Sisi tuliokulia vijijini tutamcheka. Lakini baadaye anampenda mtoto wa nguruwe aliye dhaifu kuliko wenzake, na anampa jina la chakula kinachopikwa kwa nyama ya nguruwe, ili asisahau mwisho wake. Siku ya kuchinjwa inafika. Hachiken anatumia mshahara aliopata kwa kazi ya likizo kuinunua nyama yote ya mnyama wake, anaikausha kwa moshi, na anaila pamoja na wenzake.

Nilidhani mwandishi angemwokoa yule nguruwe. Hakumwokoa, nami namheshimu kwa hilo. Hakutuambia kwamba kula nyama ni ukatili, wala hakutuambia kwamba si kitu. Alitufundisha kutazama gharama ya tunachokila. Tangu niimalize juzuu ya tatu, sala yangu ya mezani imekuwa ndefu kidogo. Kwa vijana wetu wanaoona aibu kushika jembe, sijasoma siku hizi hadithi inayowafaa zaidi.

Ya tatu ndiyo iliyomtisha mama yule, *Vinland Saga* ya Makoto Yukimura. Ilianza mwaka 2005 na kumalizika mwaka 2025, juzuu 29 kwa jumla. Mahali pake ni Ulaya ya kaskazini katika karne ya 11, wakati wa Waviking. Kijana Thorfinn anashuhudia baba yake akiuawa kwa hila, naye anajiunga na kundi la muuaji yule yule ili apate nafasi ya kupigana naye na kulipiza kisasi. Juzuu ya kwanza ina damu nyingi kuliko nilivyotaka. Viungo vinakatwa, na mchoraji hageuzi uso. Hapa mama alikuwa na haki: sidhani kwamba kitabu hiki ni cha mtoto wa kidato cha pili, na nilimwambia hivyo mwanawe.

Lakini mfuko ulikuwa na juzuu nyingine ya hadithi hiyo hiyo, ya baadaye sana. Humo Thorfinn ni mtumwa katika shamba huko Denmark. Kisasi kimekwisha pasipo kumpa chochote. Mchana anakata miti na kung'oa visiki pamoja na mtumwa mwenzake, ili wapande ngano na kujinunulia uhuru wao. Usiku anaota watu aliowaua. Baba yake, shujaa aliyetoroka vita, alikuwa amemfundisha utotoni kwamba hana adui yeyote duniani, naye hakuelewa. Inamchukua miaka na maiti nyingi kulielewa neno hilo. Anayesoma juzuu ya kwanza peke yake atadhani kitabu kinasifu upanga. Anayeendelea ataona kwamba mwandishi alikuwa akituongoza tuuchoke.

Ya nne ni *Barefoot Gen*, Gen wa miguu mitupu, ya Keiji Nakazawa, aliyefariki mwaka 2012. Nakazawa alikuwa na umri wa miaka sita tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima. Ukuta wa shule ulimkinga. Baba yake, dada yake na mdogo wake wa kiume walikufa chini ya nyumba yao, na mama yake alijifungua siku ile ile. Alianza kuichapisha hadithi hii mwaka 1973. Juzuu ya kwanza inaanza na ngano: baba wa Gen anawafundisha wanawe kuwa kama mmea unaokanyagwa wakati wa baridi, kisha ukasimama imara. Mzazi huyu anaipinga vita waziwazi, kwa hiyo majirani wanawaita wasaliti. Jirani anayewatendea wema ni Mkorea, ambaye naye anadharauliwa mtaani. Mwisho wa juzuu, Gen na mama yake wanavuta boriti iliyowabana wapendwa wao, boriti haisogei, na moto unakaribia.

Kwa haki lazima niseme pia nisichokipenda. Katika kitabu hiki wazazi huwapiga watoto mno, na mara nyingi kipigo hufanywa kichekesho. Lakini kurasa zile za mwisho nilizisoma nikiwa nimesimama, sijui kwa nini. Nilipokuwa seminari kuu tulisoma habari za Padre Pedro Arrupe, Mjesuiti aliyekuwa mlezi wa wanovisi huko Nagatsuka, pembeni mwa Hiroshima. Kwa kuwa aliwahi kusomea udaktari, aliigeuza nyumba ya wanovisi kuwa hospitali ya majeruhi. Niliyajua hayo kwa ajili ya mtihani. Sasa niliona, kwa picha, walikuwa ni watu wa namna gani waliofika mlangoni pake.

Mabishano juu ya kitabu hiki yapo hata kwao. Mwaka 2012 Bodi ya Elimu ya mji wa Matsue iliagiza kiondolewe katika rafu za maktaba za shule, watoto wasikichukue wenyewe, kisha mwaka 2013 agizo likafutwa. Mwaka 2023 Bodi ya Elimu ya jiji la Hiroshima lenyewe iliziondoa sehemu za hadithi hii katika vitabu vya mafunzo ya amani. Kwa hiyo yule mama na mimi hatuko peke yetu tunapojiuliza mtoto asome nini.

Sasa nafika kwenye hadithi ya tano, ambayo ingekuwa rahisi kuiruka. Inaitwa *A Silent Voice*, sauti isiyosikika. Imeandikwa na Yoshitoki Ōima, ambaye mama yake ni mkalimani wa lugha ya alama. Ilitoka kati ya mwaka 2013 na 2014, katika juzuu saba. Mfukoni zilikuwamo mbili. Tano nyingine kijana alizikusanya kwa wenzake waliokuwa wameziazima, kwa sababu nilimwomba.

Katika darasa la sita la shule ya msingi anahamia msichana kiziwi, Shoko. Anakuja na daftari, ili wenzake wamwandikie. Mvulana aitwaye Shoya anaanza kumfanyia mzaha. Anapiga kelele nyuma yake. Anavikwapua masikioni vifaa vinavyomsaidia kusikia na kuvitupa. Darasa linacheka, na mwalimu analegea. Msichana mmoja anajitolea kujifunza lugha ya alama. Wenzake wanamdhihaki hata anaacha kuja shuleni. Kisha mama wa Shoko anahesabu: vifaa vinane katika miezi mitano, yen 1,700,000. Mwalimu anamtaja Shoya mbele ya darasa, na wale wote waliocheka wanamgeuka. Shoko anahama. Shoya anabaki peke yake kwa miaka, hawezi kuwatazama watu. Mchoraji ameweka alama ya mkasi juu ya nyuso za wote wanaomzunguka. Karibu na mwisho wa sekondari anafanya kazi, anamrudishia mama yake fedha zile alizolipa, na anakusudia kujiua. Kabla ya hapo anamtafuta Shoko, na kumbe amejifunza lugha ya alama.

Niseme kama msomaji: katikati hadithi inarefuka, hasa pale vijana wanapotengeneza filamu, na kuna wahusika wanaolia kuliko inavyohitajika. Niseme pia kama mchungaji: inazungumzia kujiua zaidi ya mara moja, na mzazi asimwachie mtoto aisome peke yake bila mazungumzo. Lakini si hayo yaliyoninyima usingizi.

Katika shule yetu ya msingi huko Mbinga tulikuwa na mwenzetu kiziwi. Alikuwa na jina zuri la ubatizo, wala silitaji hapa. Sisi tulimwita Bubu. Tulikuwa na mchezo wetu: kusimama nyuma yake na kugonga debe tupu, na atakayemfanya ageuke ndiye mshindi. Aligeuka mara nyingine, nadhani kwa kuhisi mtikisiko wa ardhi, na alipogeuka alitukuta tunacheka. Naye alicheka, kwa sababu alifikiri tunacheka pamoja naye. Baadaye alielewa, akaacha kucheka. Alipofika darasa la nne hakurudi tena shuleni. Mchezo ule niliubuni mimi. Nilikuwa mtumishi wa altare, na wa kwanza darasani, na hakuna mwalimu aliyenishuku.

Wapendwa, naungama mara kwa mara tangu Komunyo ya kwanza, sasa ni zaidi ya miaka thelathini. Kosa lile sikuliungama hata mara moja. Sikulificha. Sikulihesabu tu. Nililiweka katika kapu la utoto, pamoja na maembe tuliyoiba. Katika kitabu cha Ōima kuna mtu aliyeketi na kuhesabu, akataja idadi na kiasi cha fedha. Kwetu, ni nani aliyehesabu? Shule aliyoikosa mwenzetu ni yen ngapi? Nilifunga kitabu, nikabaki nimeketi hadi umeme ulipokatika. Juma lililofuata nilikwenda kwa padre jirani, nikaungama.

Lakini hadithi ile inafundisha jambo ambalo mimi, mtu wa maungamo, sikulipenda. Shoya anapoomba msamaha, mambo hayatengenei. Watu wengine wanamwambia usoni kwamba anatafuta nafuu yake mwenyewe. Shoko naye amebeba uchungu ambao Shoya hakuujua, na unakaribia kumwua. Kuomba radhi ni mwanzo wa kumfahamu mtu uliyemkosea, na kumfahamu kunachukua juzuu nyingi.

Nilimpigia simu dada yangu aliyebaki kijijini. Mwenzetu yu hai. Ana shamba la kahawa, anafyatua matofali, ana mke na watoto wanne. Niliuliza kama huja kanisani. Dada akajibu, "Huja, Padre, tena mapema. Hukaa nyuma kabisa." Sikuuliza kwa nini nyuma. Anayeketi nyuma kabisa hana mtu wa kusimama nyuma yake.

Likizo yangu inaanza mwezi ujao, nami nitakwenda. Nilimwendea mwalimu mmoja wa watoto viziwi hapa mjini, nikamwomba anifundishe kusema "nisamehe" kwa lugha ya alama. Alinifundisha, kisha akanionya: mtu aliyeacha shule darasa la nne huenda hazijui alama hizi za shuleni. Yawezekana ana alama zake alizozitunga na mkewe na wanawe. "Itakubidi uketi, Padre, akufundishe zake." Nimezoea kwenda kwa watu nikiwa na maneno yaliyoandaliwa. Safari hii sina la kuandaa.

Mfuko nimekwisha kuurudisha. Yule mama aliniuliza, "Kwa hiyo, Baba, ni dhambi au si dhambi?" Nilimweleza nilivyowaeleza ninyi: *Vinland Saga* isubiri miaka michache; *Barefoot Gen* na *A Silent Voice* wasome wote wawili, na wazungumze; *Yotsuba&!* amsomee mdogo wake. *Silver Spoon* ampe hata baba. Nilimwita na kijana, nikamwuliza kwa nini alivificha. Alijibu kwa upole kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwuliza vinahusu nini. Mama yake alinyamaza, kisha akafungua mfuko, akatoa juzuu moja na kumwuliza waanzie upande gani. Mtoto akamgeuzia kitabu.

Wazazi wapendwa, kuna vitabu vibaya, navyo vikemewe. Lakini tusikemee kwa kuangalia majalada. Na ninyi vijana, mkisoma kisa cha mtu anayeonewa, msiharakishe kujihesabu upande wa mwonewa. Mimi nilikaa upande huo kwa miaka mingi, na haukuwa wangu.

Nimeyaandika haya hadharani kwa kusudi. Nikirudi kutoka Mbinga, yeyote kati yenu aniulize, "Padre, ulikwenda?" Msikubali jibu la kuzungukazunguka.

Nawatakieni Dominika njema. Mniombee, nami nawaombea.

Paroko wenu.